Mashine ya presha ya elfu sabini na nane, na kaunta buku lake

Kwa mwenye haraka: mashine ni nzuri, mkanda wake ni mfupi, na programu yake ya simu ni ya kufuta siku ile ile uliyoiweka. Ukienda kuinunua, pitia na duka la vitabu uchukue kaunta buku la kwaya mbili. Mashine bila daftari itakugombanisha na watu wa nyumbani kwako, na mwisho wa ugomvi hutajua zaidi ya ulichokuwa unajua.

Jina la kampuni silitaji kwa sababu halitakusaidia. Siku niliyonunua, duka la vifaa vya hospitali hapa Tanga lilikuwa nazo kwenye kabati la kioo kwa jina moja. Nilipomsindikiza jirani baadaye akanunue yake, mashine ni ile ile, vitufe vile vile, hata mlio wa kumaliza ule ule, ila sanduku limebadilika rangi na jina limekuwa jingine. Basi itambue kwa umbo: nyeupe, kioo kikubwa chenye namba nyeusi, vitufe vitatu, betri nne ndogo chini ya kifuniko, tundu la waya wa chaji ubavuni, na mkanda wa kijivu wa kufunga juu ya kiwiko. Inatunza vipimo 90 vya mtu wa kwanza na 90 vya mtu wa pili. Kijana wa dukani alianzia 95,000. Tukaelewana 78,000, na risiti nikaidai, maana hakuwa na dalili ya kuikumbuka.

Mie nilikuwa karani wa mizani kwenye shamba la mkonge hadi nilipostaafu. Robota la singa ni kilo 250, na yalipita mbele yangu mengi kabla hayajateremka bandarini. Karani wa mizani hufundishwa mambo mawili siku ya kwanza. Mizani tupu isome sifuri kabla hujapandisha kitu juu yake. Na ukikuta ukurasa mzima umeandikwa 250, 250, 250, mwandishi hakupima, alikuwa kivulini.

Sasa chukua kadi ya kliniki ya mzee wangu, yaani mume wangu. Ana presha kwa muda, anakunywa amlodipini kila asubuhi. Kadi inasema 150/90, 140/90, 160/100, 150/90, 140/80. Chini hadi juu, sifuri. Kipimo cha mshale, kile cha kusikiliza kwa mpira wa masikioni, kina mistari ya mbili mbili: 140, 142, 144, 146, 148. Mtu akisoma kwa uaminifu na kuandika alichokiona, sifuri inatakiwa itokee mwishoni kama mara moja katika kila tano. Ikitokea kila mara, mpimaji amekuwa akizungusha. Simlaumu nesi. Foleni ya kliniki mnaijua, na wataalamu wa takwimu wameikuta tabia hii nchi nyingi, si kwetu tu. Shida ni kwamba mstari wa kuamua kama dawa iongezwe uko hapo hapo kwenye 140. Mwenye 137 na mwenye 143 wote wanaandikwa 140, na hao si watu wa uamuzi mmoja.

Ndiyo sababu nikatoa elfu sabini na nane.

Kuhusu upimaji wenyewe. Presha bado inatajwa kwa milimita za zebaki ingawa mashine hii haina hata tone la zebaki. Ni urithi wa mkanda wa daktari Mwitaliano Riva-Rocci wa mwaka 1896, na wa Mrusi Korotkoff aliyeonyesha mwaka 1905 sauti za kusikiliza mkanda unapolegezwa. Mashine ya kisasa haisikilizi kitu. Inajaza hewa, inaitoa polepole, na inahisi jinsi hewa iliyomo ndani ya mkanda inavyotikisika kwa kila pigo la mshipa. Pale mtikisiko unapokuwa mkubwa kuliko kote ndipo inapoanzia, halafu inakokotoa presha ya juu na ya chini kwa kanuni ambayo kila kampuni inaificha. Kwa hiyo ile 147 unayoiona kwenye kioo ni makadirio, tena yaliyopigwa na kifaa ambacho hujui hesabu zake. Mwenye mapigo yasiyo na mpangilio, makadirio hayo huyumba zaidi, na mtu wa namna hiyo asitegemee mashine hizi bila daktari wake kujua.

Nikaona niijaribu kwanza, kama mizani. Kipimo cha kimataifa cha kuzikubali mashine hizi, ISO 81060-2, kinataka watu wasiopungua 85 wapimwe kwa mashine na kwa wapimaji wenye masikio, na tofauti ya wastani isizidi milimita 5, mtawanyiko wake usizidi 8. Zilizofaulu huorodheshwa, mjukuu wangu, anayesoma Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika kule Dar es Salaam, akanifungulia orodha ya STRIDE BP kwenye simu. Mashine yangu haimo, si kwa jina la kwanza wala la pili. Nilisikitika, lakini pesa ilikuwa imeshatoka.

Tukafanya la kwetu. Mtaani kwetu Ngamiani kuna nesi mstaafu mwenye kipimo chake cha mshale na anakitunza kama dhahabu. Mkono mmoja, mara yeye, mara mashine, mapumziko katikati, na hakuna kuonyeshana namba mpaka zote ziandikwe. Mashine yangu ikawa inazidi karibu kila mara, mara kwa milimita tatu, mara kwa nne. Mtu mwingine angeirudisha dukani. Mie nikatulia, maana kuzidi kwa namna ile ile kila siku hakumsumbui karani. Ziada hiyo unaitoa kama unavyotoa uzito wa lori tupu. Kinachotisha ni mizani inayozidi leo na kupunguza kesho, na hii haikuwa hivyo.

Mkanda ndio uliotusumbua. Umeandikwa sentimita 22 hadi 32. Mkono wa mzee wangu unaingia bila shida, ila wangu ni 36, na ukiulazimisha mkanda mfupi kwenye mkono mnene presha inasoma juu kuliko ilivyo. Hili halikuandikwa mahali pa kuonekana kwenye sanduku. Fikirieni wanawake wangapi wa umri wangu hapa mjini wana mikono ya sentimita 32 kushuka chini! Mkanda mpana niliupata kwa kuagiza, 25,000, na ukanikalia vizuri. Namba zangu zikashuka bila ya mie kubadili hata kikombe cha chai.

Halafu kuna mpimwaji. Mzee wangu haamini kwamba kuzungumza kunapandisha presha. Mkanda unajaa, yeye anasimulia. Amekunja nne, mkono unaning'inia, ametoka kupanda baiskeli kutoka Makorora, na kibofu kimejaa kwa sababu hataki kupitwa na taarifa ya habari. Kila kimoja kati ya hivyo kinaongeza milimita zake. Sheria ya nyumba sasa ni hii: choo kwanza, kahawa hapana ndani ya nusu saa, kiti chenye mgongo, miguu miwili sakafuni, mkono mezani usawa wa moyo, dakika tano kimya. Dakika tano za mzee wangu kukaa kimya ni jambo ambalo ndoa yetu ilikuwa haijalishuhudia. Kipimo cha kwanza, dakika moja, kipimo cha pili. Asubuhi kabla ya dawa, na jioni. Siku saba mfululizo kabla ya kwenda kliniki, siku ya kwanza unaitupa kwa sababu siku ya kwanza kila mtu ana wasiwasi na mkanda, zilizobaki unapiga wastani. Na mstari wa nyumbani si 140/90 wa hospitali. Ni 135/85, kwa kuwa nyumbani mtu ametulia. Wapo ambao wakiona koti jeupe tu presha inapanda na wakirudi kwao inashuka, na hao ndio mashine hizi zinawafaa kuliko wote.

Utaratibu huu haukutungwa na mie. Ni ule ambao madaktari wa moyo wanaupendekeza duniani. Karatasi iliyokuja na mashine imeugusia kwa mchoro mmoja wa mtu anayetabasamu.

Wiki ya kwanza iliyofuata sheria zote, presha ya juu ya mzee wangu ilitembea kati ya 128 na 151. Mtu yule yule, dawa ile ile, chakula kile kile. Angepimwa mara moja tu Jumanne angeambiwa mzee uko vizuri, na Alhamisi angeambiwa dawa haifanyi kazi. Wastani ukawa 139. Ukitoa zile tatu za mashine, anabaki juu kidogo ya mstari wa nyumbani. Nilipoupeleka ukurasa ule kliniki, daktari aliusoma wote, akauliza nilijifunzia wapi kutupa siku ya kwanza, na akaupiga picha. Nilijisikia karani tena.

Sasa programu ya simu. Inaungana kwa Bluetooth, na hilo inalifanya vizuri. Kabla ya hapo inataka jina, tarehe ya kuzaliwa, mahali ulipo na majina yote yaliyomo kwenye simu yako. Ya kazi gani? Mashine ya presha inamtakia nini wifi yangu wa Pangani? Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023, na taarifa za afya zimewekwa kwenye zile nyeti. Maelezo ya faragha ya programu ile hayana hata mstari mmoja wa Kiswahili.

Hata ingekuwa haitaki kitu, ningeifuta kwa sababu ya rangi zake. Ukipata 139 inakupa njano. Ukipata 141 inakupa nyekundu na kikatuni kilichonuna. Milimita mbili! Mashine yenyewe inakosea zaidi ya hapo. Haioni wastani, haikumbuki jana, kila kipimo ni kesi mpya na hukumu mpya. Mzee wangu akapata nyekundu usiku mmoja, akapima tena kwa hofu, ikawa nyekundu zaidi, akapima tena. Saa sita usiku tumekaa kitandani tunatazamana na simu. Tangu nihamie kwenye daftari tunalala.

Kaunta buku langu lina safu hizi: tarehe, saa, presha ya juu, ya chini, mapigo, mkono upi, na safu pana ya mwisho inayoitwa "yaliyotokea". Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomvutia mjukuu. Alipokuja likizo akahamisha kurasa zote kwenye Excel, akachora grafu, na ndipo nyumba ikageuka kuwa ofisi.

Jambo la kwanza alilolishughulikia ni unga wa majani. Jirani yetu mmoja, namheshimu na tunasaidiana, anauza unga wa mlonge. Ushuhuda anao wa kujaza msikiti: fulani alikuwa na 180, amekunywa wiki moja, 155. Wala hadanganyi, maana watu hao tunawafahamu. Mjukuu akamuuliza, kwa adabu, "Shikamoo bibi, hao wateja wako huwa wanakuja siku gani?" Bibi akajibu, siku wanayopimwa wakaogopa.

Mwaka 1886 Mwingereza Francis Galton aliandika kuhusu urefu wa wazazi na watoto wao. Aliona wazazi warefu kupita kiasi huzaa watoto warefu, lakini kwa kawaida si warefu kama wao, na wafupi kupita kiasi huzaa watoto wanaosogea juu kidogo. Kitu chochote kinachoyumba chenyewe, ukikikamata siku kimefika kileleni, safari inayofuata mara nyingi kitakuwa kimeshuka, umekipa dawa hujakipa. Presha inayumba. Anayenunua unga siku ya 180 ananunua siku ya kilele. Angekunywa uji angeshuka, na sifa angepewa uji.

Sikukubali kwa maneno. Jioni nikiwa barazani watu huja kupimwa, wengine wenzangu wa mchezo, wengine wapita njia. Mjukuu akatenga walioandikwa juu mara ya kwanza na wasiobadili kitu chochote hadi waliporudi. Wengi walikuwa wameshuka. Akatenga pia waliokuwa chini kabisa mara ya kwanza, na wao wengi walikuwa wamepanda, ingawa hakuna aliyewauzia unga wa kupandisha.

Hilo halisemi mlonge haufanyi kitu. Linasema tu ushuhuda ule hauwezi kutwambia. Ili tujue, ilibidi tuwe tumemaliza ubishi kabla hatujapima. Mjukuu akatoa sarafu ya shilingi 200, Mzee Karume upande mmoja, simba upande wa pili. Kila Jumamosi jioni inarushwa: Karume, wiki hiyo mzee anapata unga kwenye uji; simba, hapati. Amlodipini haiguswi wiki zote, na daktari aliambiwa. Sarafu ndiyo inayoamua ili mie nisimpe unga wiki ambayo namwona amechoka. Uji unapikwa na binti wa kazi, na wiki za simba anatia mchicha uliosagwa badala ya mlonge ili rangi isimwambie kitu. Ladha nina wasiwasi nayo, mzee ana ulimi. Na kioo cha mashine nakifunika kwa ncha ya kanga mpaka vipimo viwili viishe, asije akaanza kufurahi au kununa kabla ya wakati.

Miezi ilipopita, wastani wa wiki za Karume na wa wiki za simba haukutofautiana hata milimita moja. Kwa mzee wangu, kwa unga ule, kwa kipimo kile cha kijiko. Jirani alipokea matokeo vizuri kuliko nilivyotarajia. Alisema mlonge una faida nyingine, na hapo sina daftari la kumjibu.

La pili lilikuwa chumvi, na hili liligusa chungu. Sisi ni watu wa Tanga. Bada la muhogo na mchuzi wa papa wa chumvi si chakula cha kuulizwa. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, zote pamoja, kama kijiko kimoja cha chai kisichojaa mlima. Kipande cha papa aliyekaushwa kwa chumvi, hata ukimroweka usiku kucha, kinakula sehemu kubwa ya kijiko hicho kabla hujaweka achari. Sarafu ikarushwa tena: wiki za papa na achari kama kawaida, wiki za samaki mbichi na ndimu. Hapa hakuna kumficha mtu, anaona anachokula na ananung'unika wazi. Tofauti ikatoka kama milimita sita. Mjukuu akanionya kwamba manung'uniko nayo yanaweza kuwa yamo ndani ya ile sita, kwa upande wowote. Lakini sita haikupotea tulipogawa daftari katikati na kutazama nusu ya kwanza peke yake na nusu ya pili peke yake, na ndiyo iliyotuvusha mstari. Papa sasa ni wa Ijumaa.

Baada ya hapo mzee akawa mpenzi wa takwimu kuliko sisi. Akataka kujua kama presha yake hupanda Coastal Union, timu yetu ya mpira hapa Tanga, wakifungwa. Ni shabiki wa tangu enzi. Mwaka 1988 Wagosi wa Kaya walipochukua ubingwa alikuwa Mkwakwani, na atakusimulia hata usipoomba. Tukatazama. Kweli, siku za kufungwa zilikuwa juu! Akafurahi kama ameshinda kesi. Mjukuu akamwambia, "Babu, tumeuliza na siku za mvua, siku za umeme kukatika, siku za mgeni, siku za soko, mwezi mwandamo, na mkono wa kulia na wa kushoto." Ukiuliza maswali ishirini yasiyo na ukweli wowote ndani yake, na kila moja lina nafasi moja katika ishirini ya kukudanganya, uwezekano wa kudanganywa na angalau moja ni 64 kwa mia. Dawa yake ni kuandika swali kabla, halafu kusubiri data mpya. Tukaandika: "Msimu ujao, Coastal wakifungwa, presha ya kesho yake asubuhi." Ukurasa huo uko wazi unasubiri. Mzee anadai yeye tayari anajua jibu.

Binti wa kazi naye aliniambia, "Bibi, kumbe Ngamiani nzima ina presha." Kwa daftari la barazani ni kweli, zaidi ya nusu walikuwa juu. Lakini nani anakuja kupimwa barazani kwangu? Anayeumwa kichwa, ambaye mamake alipooza, aliyeambiwa kliniki akapime tena. Kijana anayebeba magunia Mgandini hana habari na mie. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliofuata utaratibu wa Shirika la Afya Duniani, uliochagua watu kwa bahati nasibu badala ya kusubiri waje wenyewe, ulikuta presha kwa takriban robo ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64. Robo ni nyingi mno, lakini si nusu. Na upande wa pili wa daftari langu ni mbaya zaidi kwa sababu hauonekani: mwaka 2021 shirika hilo hilo lilikadiria kwamba watu wazima bilioni 1.28 wa miaka 30 hadi 79 duniani wana presha, na 46 kwa mia kati yao hawajui. Hao hawaji barazani.

Nirudi kwenye mashine. Betri nne za bei rahisi zinaisha upesi, na zikikaribia kuisha pampu inajaza kwa kusuasua, mkanda unakaa mkononi muda mrefu na mtu anaudhika. Nunua betri nzuri au tumia waya, ila waya haumo kwenye sanduku. Velkro ya mkanda imeanza kuchoka na kuachia katikati ya kujaza, inatoa mlio kama kitambaa kinachochanwa na mzee anaruka. Saa yake ya ndani inarudi mwaka 2020 kila unapotoa betri, na usiporekebisha, kumbukumbu zote 90 zinakuwa na tarehe za uongo. Sababu nyingine ya kuandika kwa mkono. Waranti wameandika mwaka mmoja. Duka lilipopigiwa simu kuhusu velkro walisema mkanda haumo kwenye waranti, ni "kitu cha kuchakaa". Sijaridhika na jibu hilo na nimewaambia.

Mjamzito asitegemee mashine ambayo haijapimwa kwa wajawazito. Hii haijaandikwa popote kwamba imepimwa. Na namba ya juu ikifika 180 au ya chini 120, kaa, pima tena baada ya dakika chache, na ikibaki hapo usifungue daftari, nenda hospitali. Ukiwa na maumivu ya kifua, kupooza upande mmoja, ulimi mzito au macho kufifia, hata hizo dakika chache usisubiri.

Nyota nampa muuzaji mbili, programu sifuri, mashine nne kati ya tano. Kabla hujalipa, mwambie akufunge mkanda mkononi pale pale dukani uone kama alama ya mshale inaangukia ndani ya mistari yake. Ukipitiliza, dai mkanda mpana kwanza ndipo mzungumze bei, maana ukishatoka nje ya mlango ule ni 25,000 nyingine na kuagiza.